Safari Isiyo na Msiba

"Mke wangu huyu," Mudathiri alisema kwenye kipaza sauti alichomnyang'anya MC siku ya harusi ya binti yao, "nitamtembeza barabara ya Lindi mpaka Mtwara kwa gari la kukodi. Hatuendi kuzika, hatuendi kuuguza. Tunakwenda kutazama bahari. Na akisema simama, gari linasimama, hata kama ameona kuku."

Ukumbi mzima, yaani lile turubai la bluu na watu waliokuwa chini yake, ukacheka. Mwanahalima, ndiye mke mwenyewe, alijifunika uso kwa mtandio. MC akarudishiwa chombo chake, muziki ukaendelea, na miaka mitatu ikapita.

Miaka mitatu ni mingi kwa mtu anayefanya kazi stendi. Mudathiri ni wakala wa tiketi za mabasi hapo Kibiti, tangu tiketi zikiandikwa kwa kalamu mpaka leo zinapotemwa na kimashine kinachokwama kila mvua ikinyesha. Kila asubuhi alikuwa na salamu zake zinamsubiri. "Mzee Muda, Mtwara mmerudi lini?" "Bahari ilikuwaje, ina maji?" Alicheka nao, kisha akamkatia abiria tiketi na kumpa maelezo ambayo mawakala wengine hawana habari nayo: ukishatoka Lindi mjini usisinzie, maji yako mkono wa kushoto; ukikaribia Mikindani fumbua macho yote mawili, maana barabara inaizunguka ghuba kama mtu anayekagua shamba lake. Aliyajua hayo yote kutoka midomoni mwa madereva. Abiria walidhani ni mtu wa huko, naye hakuwasumbua kwa kuwasahihisha.

Si kwamba yeye na mkewe hawakuwahi kusafiri. Walisafiri mno. Ila katika miaka thelathini na moja ya ndoa, kila safari ilikuwa na maiti au mgonjwa mbele yake. Wote wawili ni Wamatumbi wa kule milimani Kipatimu, na huko walikwenda kuwazika wazazi, mmoja mmoja, mpaka wazazi wakaisha. Utete waliifahamu kuanzia geti la hospitali hadi kitanda cha shemeji. Umwe walifika mara mbili, zote za arobaini. Nyuma ya mlango wao lilining'inia begi la Mwanahalima la misibani, limefungashwa tayari, kanga mbili na sabuni, kama mwanajeshi anayesubiri kuitwa.

Siku moja, kabla ya harusi ile, walikuwa wanarudi kutoka kumzika shangazi yake Mudathiri. Basi lilipofika Somanga, pale bahari inapojitokeza karibu na barabara, abiria wote waligeuza shingo. Mwanahalima alikuwa amejifunika kanga usoni, analia. Alipoifunua, ilikuwa imeshabaki mikorosho. Akakitazama kioo cha dirisha akasema, wala hakuwa anamwambia mumewe hasa:

"Siku moja na mimi nataka nipite mahali bila sababu."

Mudathiri aliyasikia. Katika ndoa yote hiyo, hilo ndilo jambo pekee mkewe aliloliomba ambalo haliuzwi dukani kwa Taufiq. Likamkaa kifuani, likatoka kwenye kipaza sauti.

Mwaka huu shamba lake la ufuta lilimwendea vizuri. Akaelewana na Abbasi, kijana mwenye gari aina ya Noah pale stendi, siku mbili kwenda na siku moja kurudi. Akanunua daftari la kurasa arobaini na kuandika mpango. Ijumaa kuondoka baada ya alfajiri. Chai Nangurukuru. Lindi adhuhuri, kulala hapo. Jumamosi Lindi hadi Mtwara, polepole, na neno polepole akalipigia mistari miwili. Penye Mikindani aliandika: "Kusimama. Muda: atakavyo yeye."

Alimwambia mkewe Jumatatu. Mwanahalima alikuwa anachambua mchicha. Mikono ikasimama, kisha ikaendelea.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Nani anaumwa?"

"Mama Muzda, hakuna. Tunakwenda kutembea."

"Mh," akasema. Lakini Jumanne Mudathiri alimkuta ameanika gauni lake la harusi ya binti, na ile "mh" akaielewa.

Tatizo lilikuwa kuificha safari. Huku kwetu gari linalokwenda kusini likiwa na viti vitupu si gari, ni mali ya ukoo. Ukisema tu unapita Lindi, kabla hujamaliza chai umeshaletewa gunia la mchele la shangazi wa Mingoyo, jogoo aliyefungwa miguu, mtoto wa kupelekwa kwa bibi yake, na orodha ya watu kumi na wanne ambao usipowabishia hodi watakununia mpaka mmoja wenu afe, halafu mkutane hapohapo msibani. Mudathiri alikuwa na ndugu kila mahali penye kituo cha basi. Mkewe alitaka barabara, na yeye aliona wazi kwamba angeishia kumpa vibaraza.

Alhamisi mchana Abbasi aliileta Noah nyumbani kuiosha. Na nyumba ya pili tu anakaa Johari, dada yake Mudathiri, mjane, mwanamke ambaye gari haliwezi kuoshwa mtaani bila yeye kujua linakwenda wapi.

"Mudathiri, hilo gari la nani?"

"La Abbasi, dada."

"Linaoshwa kwako kwa sababu gani? Mnakwenda wapi?"

Mudathiri aliziona safu mbili za viti vya nyuma zikijaa palepale. Alimwona Johari akikaa dirishani. Alisikia jogoo.

"Kuna msiba," akasema. "Mikindani. Mtu wa kazini tu, wewe humjui."

"Jina lake?"

"Gharibu."

Johari akashika kichwa. "Gharibu," akasema taratibu. "Inna lillahi. Gharibu wa watu."

Hapo ndipo Mudathiri alipokosea, na mtu aliyeishi Kibiti miaka yote hiyo hakustahili kukosea hivyo. Alidhani marehemu wa mbali, asiyejulikana, hafuatwi na mtu. Lakini huku hakuna marehemu asiyejulikana. Alikwenda stendi kukabidhi kimashine, na aliporudi alasiri, majamvi yalikuwa yameshatandikwa uwanjani kwake. Wanawake wamejifunga kanga kiunoni, mtu amewasha moto, sinia la rambirambi linazunguka. Mzee mmoja alikuwa anaeleza jinsi Gharibu alivyomsaidia mwaka wa mafuriko. Johari alikuwa analia machozi ya kweli. Abbasi, aliyeuona mpango kwenye daftari kwa macho yake, alikuwa amejificha ndani ya Noah, amepandisha vioo.

Mudathiri alisimama pembeni ya banda la kuku akitafuta maneno. Kabla hajayapata, Mwanahalima alitokea njiani.

Alikuwa anatoka kusuka nywele. Alikuwa amepaka hina. Aliyaona majamvi, aliwaona wanawake, akasikia kilio cha wifi yake. Alikaa chini palepale njiani, juu ya mchanga. Binti yao Muzdalifa alikuwa Dar es Salaam, mimba ya miezi minane.

"Ni Muzda?" akauliza. Sauti haikufika mbali. "Niambieni tu. Ni Muzda?"

Mudathiri alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu ujana wake, na kiatu kimoja kilibaki bandani. Akapiga magoti mbele ya mkewe, mbele ya mtaa mzima.

"Si Muzda. Muzda mzima. Hakuna aliyekufa, mke wangu. Nimedanganya mimi. Hakuna Gharibu."

Sinia la rambirambi likasimama katikati ya majamvi.

"Hakuna Gharibu?" Johari akauliza.

"Hakuna, dada."

"Sasa mimi nimemlilia nani?"

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita kwenye majamvi yote. Mwanahalima hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa nguvu, hina mbichi ikimchafua.

"Umeua mtu," akamwambia taratibu, "ili twende safari isiyo na msiba."

Rambirambi zilirudishwa, kila mtu chake. Lakini Johari hakuishia hapo. Alisema kifo kilichotangazwa bila maiti ni uchuro, tena kwenye nyumba yenye binti mjamzito, na uchuro hautoki kwa kuomba radhi. Wazee wakamuunga mkono. Kwa hiyo Ijumaa, saa ambayo daftari lilisema chai Nangurukuru, Mudathiri alikuwa ameshika kamba ya mbuzi. Sadaka ikasomwa, watu wakala, yule mzee wa mafuriko akaongezewa wali mara mbili. Fedha ya Noah ikaondoka na yule mbuzi.

Mwanahalima hakusema naye siku mbili. Alimpikia, akamwekea, akaondoka.

Jumapili jioni alivuka kwenda kwa Johari na kukaa huko mpaka magharibi. Mudathiri, akiwa uwanjani kwake, aliisikia sauti ya mkewe kupitia ukuta wa makuti.

"Wifi, mimi nataka kwenda kuiona bahari na mume wangu. Sitabeba mchele. Sitabeba kuku. Nikipita kwa ndugu sitashuka, nitapunga mkono. Nakuaga mapema usije ukasema umefichwa."

"Kumbe ni hilo tu?" Johari akasema. "Si mngeniambia. Mimi mwenyewe ningewafungia watu mlango."

"Ungepanda garini, wifi."

"Ningepanda," Johari akakubali.

Jumatatu asubuhi, saa tatu, stendi imechangamka, Mwanahalima alisimama mbele ya dirisha la mumewe. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika pale. Ilikuwa sehemu ya wanaume na moshi. Alikuwa amevaa lile gauni. Begi la misibani hakuja nalo. Alikuwa na mfuko wa plastiki wa dukani na ndani yake kulikuwa na nguo zao wote wawili.

"Mama Muzda," Mudathiri akasema, na akasimama.

"Kaa ufanye kazi yako. Basi la kwenda Lindi linapita saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini gari la kukodi hatuna tena."

"Nimekuuliza gari?"

Akakaa. Akabonyeza majina mawili kwenye kimashine, lake na la mkewe, kwa kidole kimoja, polepole. Abiria waliokuwa kwenye foleni walijua kinachoendelea, maana Kibiti nzima ilijua, na hakuna aliyeharakisha.

"Na tukitoka Lindi kwenda Mtwara?" Mwanahalima akauliza.

"Kuna Kosta zinaondoka zikijaa."

"Madirisha yake yanafunguka?"

Mudathiri alifungua mdomo kuanza maelezo yake ya siku zote, akaufunga.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuzipanda. Sijawahi kufika huko."

Mbele ya foleni nzima. Abbasi, aliyekuwa ameegemea boneti ya Noah yake, akainua kichwa.

Mwanahalima alimtazama mumewe, kisha akavuta zile tiketi mbili kutoka mdomoni mwa mashine, akazikunja na kuziweka ndani ya mtandio.

"Tutajua wote wawili, basi," akasema. "Nauli ya hiyo Kosta kiasi gani?"

Hata hilo hakulijua. Alimpigia simu wakala mwenzake wa Lindi, akasikiliza, akaandika kwenye kiganja.

Lindi hadi Mtwara, mtu mmoja, shilingi elfu sita.