Mama Hesabu na Sahani Zilizofunikwa

Mimi ni fundi cherehani, na nina mdomo. Wateja wangu wanajua. Lakini kuna mama mmoja ambaye nikimtaja huwa nalainika. Ni nesi mstaafu, mfupi, miwani yake mguu mmoja umefungwa kwa uzi. Mtaani tunamwita Mama Hesabu.

Jina lilitokana na kazi aliyopewa na wilaya. Walitaka kujua watu wangapi wanahitaji tiba ya ulevi na dawa za kulevya, na wanaishi wapi. Kituo kilikuwa kimoja tu, na kingejengwa penye wagonjwa wengi. Basi akapita nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali, na swali la nne lilikuwa wazi: humu ndani kuna mtu mwenye tatizo la pombe au dawa za kulevya?

Jamani, nani angejibu hilo! Nyumba sitini na mbili, hakuna, hakuna, hakuna. Mimi mwenyewe nilisema hapana bila kupepesa macho, na mdogo wangu, fundi wa kuchomelea, alikuwa chumba cha nyuma mikono inamtetemeka hata kikombe hakishiki. Tangu mama yetu afariki alikuwa anapiga maji mpaka kazi ikamkimbia. Alishalazwa mara mbili akitapika damu, na daktari aliniambia bila kuzunguka: asiposaidiwa kuacha, huyu hamalizi mwaka. Majirani niliwaambia ni vidonda vya tumbo.

Kule ofisini, alinisimulia baadaye, mkubwa wake alifurahi. Mtaa safi huu, akasema, tuandike sifuri, kituo kiende upande wa pili wa wilaya. Mama Hesabu akakataa kutia sahihi.

"Nimekaa wodini miaka thelathini," akamwambia. "Mtaa wa sifuri sijawahi kuuona."

Wakampa wiki moja. Akarudi, safari hii karatasi ziko ndani ya mkoba. Kwangu alifika saa nne asubuhi, napinda sketi za shule, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mwanangu, humu mnapika kwa watu wangapi?"

"Watatu. Mimi, binti yangu na mjomba wake."

"Mnaokaa pamoja kula ni wangapi?"

"Wawili."

"Na chakula cha huyo wa tatu?"

"Nakifunika." Likanitoka kabla sijafikiri.

"Kila siku?"

Weee! Mori ukanipanda. Nikasimama, sketi ikaanguka chini. "Mama, shikamoo nimeshakupa, sasa na wewe niheshimu! Umekuja kuhesabu sahani zangu? Kwako wewe hufuniki?" Nilisema mengi, mengine nayaonea haya hadi leo. Yeye akaiokota sketi.

"Nifokee, mwanangu. Ukimaliza nitauliza tena."

Sikuwa nimemaliza pazia la chumba cha nyuma liliposogea. Mdogo wangu akatoka, ameshika ukuta.

"Dada, basi. Mama, niandike mimi. Ni mlevi. Nataka kuacha, peke yangu nashindwa."

Nililia pale pale, kichwa juu ya cherehani. Mama Hesabu akatoa kalamu, akamwuliza umri, alianza lini, anakunywa nini, kwa sauti ya kumwuliza mtu homa imeanza lini. Alipoondoka alinigusa bega akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumewahi.

Habari ina miguu. Waliposikia kwa fundi pamesemwa, jirani wa kushoto naye akafungua mlango, kisha wa mbele, kisha hata yule anayetuombea sote kwa sauti kubwa. Wiki ilipokwisha, nyumba zenye sahani ya kufunikwa zilikuwa thelathini na nne. Kituo kikaletwa kwetu, nyuma ya zahanati: vitanda vinane, wauguzi wawili na mshauri mmoja mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa. Mdogo wangu alikuwa wa tatu kuingia. Aliteleza mara moja, akarudi mwenyewe kwa miguu yake. Sasa ana mwaka na miezi miwili, na geti la kituo amelichomelea yeye. Namshukuru Mungu, kisha namshukuru yule mama.

Juzi nilimshonea gauni, nikampelekea kwake. Nikamwuliza, mbona wewe hukukubali ile sifuri, ukapokea ujira wako ukaenda zako? Akalikunja gauni polepole, akaliweka magotini.

"Mume wangu alikufa kwa pombe, mwanangu. Nilikuwa nesi wa zamu siku hiyo. Daktari akaniuliza, mzee anakunywa? Nikasema hapana. Kwenye kadi yake nikaandika malaria, kwa mkono huu."

 Na mdomo wangu wote huu, nikaushika tu mkono ule, uliomwandika pia mdogo wangu, nikaubusu.