Gaudensia aanza kuongea mashine ikinguruma

Saa moja asubuhi, Kata ya Daudi wilayani Mbulu, Basili Akonaay anazungusha hendeli mara tatu. Mashine ya kusaga inakohoa, kisha inashika. Mabati ya kibanda yanatetemeka.

Mtoto wa miaka minane anasogea kwenye foleni, karibu na mama mwenye debe la mahindi.

"Shikamoo mama. Yako ya dona au ya kukoboa?"

"Marahaba. Dona, mwanangu."

Mwaka jana mama huyo angeangusha debe kwa mshangao. Gaudensia, binti wa Basili, alikuwa hajawahi kuongea na mtu wa nje ya nyumba yao.

"Nyumbani aliimba, akagombana na kaka yake, akasimulia mpaka tukasinzia," anasema Basili, 38. "Akitokea mgeni, kimya. Hata shingo hageuzi."

Ndugu walisema hana adabu, maana hakuamkia wakubwa. Basili anainamisha kichwa. "Siku moja nilimchapa mbele ya baba yangu mdogo. Alilia bila sauti. Sikurudia tena."

Darasa la kwanza likawa gumu zaidi. Miezi mitano ikapita bila neno. Alijikojolea darasani mara mbili kwa kushindwa kuomba ruhusa. Kikao cha wazazi kikapendekeza apelekwe shule ya viziwi, mbali na kwao.

Mama yake, Fransiska, alikataa, akampeleka hospitali. Mtaalamu akamweleza kwamba mtoto si bubu wala kiziwi. Hofu ndiyo inayomfunga mdomo mbele ya watu. Asilazimishwe, azoeshwe mtu mmoja mmoja.

Msimu wa kuvuna vitunguu saumu, Fransiska akiwa shambani, Basili alishinda na binti yake mashineni. Siku moja, wateja wamejaa, akasikia: "Baba, unga unamwagika!"

"Nilitaka kuruka kwa furaha. Nikajizuia, nikashika tu kiroba."

Akaelewa kwamba kelele za mashine zilimpa mtoto nafasi, kwa kuwa hakuhisi kwamba watu wanamsikiliza. Akamfuata mwalimu wa binti yake, Yasmini Hasani, mwenyeji wa Katesh, akamweleza na kumwomba awe anakuja mashineni.

Tangu hapo mwalimu alileta mahindi kila Jumamosi, nusu debe tu, apate sababu ya kurudi. Hakumwuliza mtoto chochote. Jumamosi ya sita, Gaudensia akamwambia mfuko wake umetoboka.

Jumamosi ya tisa walikuwa wakizungumza, dizeli ikaisha. Mashine ikazima ghafla, kibanda kizima kikawa kimya.

"Nikasema moyoni, basi, tumempoteza," anakumbuka mwalimu. "Akanitazama muda mrefu. Kisha akamalizia, kwa sauti ndogo sana: 'Ng'ombe wetu amezaa jike.'"

Sasa yuko darasa la pili. Anamsomea mwalimu kitabu pamoja na wenzake wawili. Mbele ya darasa zima bado hajaweza, na hakuna anayemharakisha.

Likizo ijayo Basili atampeleka mnadani Katesh kununua viatu vya shule.

"Atachagua mwenyewe, na namba atamtajia muuzaji mwenyewe," anasema, akijipangusa unga usoni. "Mimi nitasimama pembeni, hata ikichukua saa tatu. Basi likituacha, tutalala kwao na mwalimu."