Wimbi Lililopinduka

Fundi mitambo wa mlimani alikuwa mwanamke wa maneno machache na kichwa kigumu, hasa hicho kichwa. Aliishi peke yake kando ya mnara wa mawasiliano, kitanda upande huu, mitambo upande ule, na jioni alizungumza na birika. Ndiyo, birika! Angezungumza na nani?

Mdogo wake wa kiume alikuwa fundi wa mnara wa ng'ambo ya bonde. Waligombana alipomhamishia mama yao mgonjwa nyumbani kwake bila kumuuliza dada mtu. Dada akasusa. Akaifungia namba yake, akaapa hampigii mpaka aombwe radhi. Kumkumbuka mama, alimkumbuka, wee, mpaka chakula hakipiti, lakini simu hakuinua.

Ikabaki mashine kuukuu ya mafundi, ya kutumiana maandishi mnara kwa mnara. Hiyo hubeba herufi kwa wimbi: likija wima ni moja, likija limepinduka ni sifuri. Ubaya wake, umeme ukikatika, ikiamka huweza kulishika wimbi kichwa chini miguu juu, kila moja ikawa sifuri, na yenyewe haina habari. Ndiyo maana mafundi hutanguliza neno waliloafikiana. Likija kinyume, unageuza swichi, mambo yananyooka.

Basi umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikatema takataka tupu. Dada mtu akasonya. "Ananichezea huyu!" Neno la mwanzo hakulitazama, yeye aliyewafundisha wenzake kulitazama. Kesho yake ikatema tena, na keshokutwa. Akaifunika kitambaa.

Wiki iliyofuata, akipangusa vumbi, macho yakaangukia mwanzo wa yale maandishi. Lo! Neno lenyewe, limegeuzwa. Akageuza swichi, akaiamuru mashine isome yote upya.

"Dada, mama anakuulizia. Njoo."

"Dada, leo anakuita wewe tu. Nimekosa mimi, nisamehe."

"Dada, fanya haraka."

Akaifungulia namba, akapiga.

"Mama hajambo? Niambie, mdogo wangu, mama hajambo?"



"Tulishamzika, dada. Ndugu wakasema mwacheni, amesusa. Mama mwenyewe kila alipouliza, nilimwambia uko njiani."

Alitaka kumwambia ni mashine. Akakiokota kile kitambaa alichoifunikia, akaanza kukikunja.