Sare Ilitutosha

Sare ilitutosha. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema lolote, maana wako wanaonihadithia mechi ile mimi mwenyewe, wakidai tulikuwa tunasaka ushindi, kana kwamba siku hiyo walikaa ndani ya kichwa changu. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya wilaya. Pointi moja, tunabaki daraja letu. Tukifungwa, tunashuka.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mchana nilikuwa karani wa mizani katika jineri moja, kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na jioni nilikuwa mwalimu wa timu ya jineri hiyo. Ualimu niliupata Mwanza kwa kozi ya wiki mbili, nikarudi na daftari lililojaa mishale na kiburi kisichopimika hata kwa mizani yangu. Wachezaji karibu wote walikuwa vibarua wa msimu. Pamba ikiisha, kibarua hurudi kwao kushika jembe, na yeye na wenzake hawajui kama mwakani wataitwa tena. Aliyenihangaisha zaidi alikuwa winga wetu wa kushoto, tuliyemwita Kumi na Moja kwa sababu ya namba ya mgongoni. Alikuwa na mke na mtoto mmoja. Meneja alimwahidi mbele yangu kwamba timu isiposhuka ataandikishwa kazi ya kudumu, na tangu siku hiyo alikuwa akipita getini kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuajiriwa. Mimi sikuwa na tumaini hilo. Nilishaiona timu yangu ikicheza.

Kumi na Moja alikuwa na mguu wa ajabu na alinichosha roho. Baba yake alikuwa manju wa ngoma, upande wa Bagalu. Kwa asiyetujua, sisi Wasukuma tuna pande mbili za ngoma, Bagalu na Bagika, na baada ya mavuno hushindana. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja, saa ile ile, na hakuna refa wala goli. Watu ndio waamuzi. Kundi lililokimbiwa na watu limeshindwa, hata kama lilicheza vizuri namna gani, na manju atafanya kila kioja ili watu wasiondoke. Kumi na Moja alikulia humo. Watazamaji wakijazana upande wa kulia, utamkuta winga wangu wa kushoto yuko kulia anapiga chenga mbele yao. Nilimfokea, nikamkimbiza uwanja mzima mara ishirini, nikamchorea mishale. Alinijibu kwa adabu kila mara, Jumapili akarudia yale yale.

Wapinzani walikuwa wachimbaji kutoka mgodi wa almasi wa wilayani kwetu. Walishuka kwenye lori wakiimba, wameshiba, wamejaa vifua. Nikawaambia vijana wangu mpango: wote nyuma, mpira ukija piga nje, na Kumi na Moja asimwache namba tatu, beki wetu wa kushoto, aliyekuwa mzito na mwenye kifundo kibovu. Refa wa siku hiyo alikuwa mkali, mwalimu akipiga kelele anafukuzwa, kwa hiyo tulikubaliana ishara. Kofia yangu ikiwa kichwani, kaeni nyuma. Nikiivua, kushoto kupande. Sisi tu ndio tuliojua.

Mpaka mapumziko ilikuwa bila kwa bila. Nilimvuta Kumi na Moja pembeni.

"Leo usicheze kwa ajili ya watu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu. Leo nacheza kwa ajili ya kazi."

Na kweli alicheza hivyo. Kipindi cha pili alikaa nyuma, akasaidia kukaba, akabutua mipira nje kama beki mshamba. Ulikuwa mchezo mbaya kuliko yote niliyowahi kufundisha, na ulikuwa sahihi kabisa.

Zikabaki kama dakika kumi. Hapo ndipo ngoma zilipoanza kulia ng'ambo ya barabara, karibu na vilabu vya pombe. Walikuwa Bagika. Mzee mmoja akageuka, akaenda. Wakafuata wawili, halafu akina mama, halafu wenye baiskeli. Namba tatu akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mwalimu, banhu balija!"

Watu wanaondoka. Kwa Kisukuma kuja ni kwenda, na siku hiyo walikuwa wanakwenda kweli. Nikawaona wachezaji wangu mabega yanashuka. Hatujafungwa, pointi yetu tunayo mkononi, lakini hakuna Msukuma aliyezaliwa akaona watu wanampa mgongo uwanjani asijue maana yake.

Mwalimu wa kweli angefanya nini? Nilikuwa na beki mmoja wa akiba, amekaa tu, mbavu nene, hajui chenga hata moja. Ningemwingiza. Ningemtoa Kumi na Moja apumzike, amejitahidi. Hilo nililijua wakati ule ule, si kwamba nimelijua leo. Lakini mimi pia ni mtoto wa uwanja ule wa ngoma. Nilitazama migongo ya watu ikiondoka nikaona aibu, aibu hasa, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kozi ya Mwanza ilinitoka yote. Kumi na Moja alinitupia jicho. Hakuwa anaomba kitu, alikuwa anahakikisha tu.

Nikavua kofia.

Aliondoka na mpira kama aliyefunguliwa kamba. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, wa tatu akampiga kanzu. Ukelele ukapanda. Watu wakageuka, wakarudi mbio, baiskeli zikatupwa chini, wenye watoto mgongoni wakakimbia wameshika mbeleko, na mstari ukajaa upya mpaka ndani ya chokaa. Alifika kwenye kibendera cha kona. Angeweza kuubutua nje, dakika zingekwisha. Badala yake aliukanyaga mpira, akamngoja mchimbaji mmoja afike, ampige chenga mara ya pili. Watu walikuwa wanacheka kwa furaha. Mchimbaji hakucheka. Aliuchukua, akapiga mrefu, ukaangukia palepale Kumi na Moja alipopaswa kuwa, na namba tatu na kifundo chake wakabaki peke yao na watu wawili.

Goli. Kofia nilikuwa nimeshairudisha kichwani. Meneja aliyekaa nyuma yangu alidhani nilikuwa nafuta jasho.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu hawakuwabeba wachimbaji. Walimbeba Kumi na Moja. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, na walimtunza, wakamrusha juu huku sisi tumeshuka daraja. Akiwa mabegani mwao alinitafuta kwa macho, akanichekea kwa furaha, kama mtoto aliyetumwa akarudi na alichotumwa. Nilimchukia kwa kile kicheko. Najua hakustahili.

Jumatatu meneja alituita ofisini sote wawili. Alihitaji mtu mmoja wa kufukuza, apate la kuwaambia wakubwa wake. Alisema hivyo hivyo, hakuzunguka.

"Nani alimruhusu huyu kuacha nafasi yake?"

Kumi na Moja alikuwa amesimama, mikono nyuma, shati lake la kanisani limefungwa mpaka kifungo cha shingo.

"Ni mimi, mzee. Mwalimu alitukataza tangu mapumziko. Niliona watu wanaondoka, nikashindwa kuvumilia."

Hakunitazama. Sijui kama alikuwa ananiokoa, au alikuwa ananipa muda niseme mwenyewe, kwa kuwa mkubwa hasahihishwi mbele ya mkubwa mwenzake.

Meneja akanigeukia. "Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu?"

Nilikuwa naishi nyumba ya jineri, na watoto wanne. Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa.