Marehemu Alikuja Mjimwema, Akaniuliza Alikufa kwa Ugonjwa Gani

Jumamosi iliyopita nilimkaribisha chai mwanamke ambaye mwaka themanini na nne nilimlilia msibani siku tatu.

Msinikimbie. Sinywi, na akili bado ninazo. Miguu ndiyo imeniacha.

Enzi hizo nilikuwa mpishi wa hosteli moja hapa Mjimwema, Songea, ya wanafunzi kutoka nje. Mmoja wao aliitwa Pankrasi, kijana wa Malawi, ng'ambo ya ziwa. Kwa nyimbo hodari, kwa hesabu gogo.

Asubuhi ya mtihani wa hesabu akajibwaga jikoni kwangu.

"Dada Leti, mama amekufa!"

Mtihani akasamehewa. Sisi tukatandika mikeka uani. Wanawake wa mtaa mzima wakaja na unga na maharage. Nililia mpaka sauti ikakauka, na mtu mwenyewe simjui.

Miezi miwili baadaye jamaa akalewa ulanzi, akaropoka. Mama mzima, yuko kwao analima mihogo.

Nilimchapa mwiko wa mgongo, nikanyamaza. Ningesema, wale wanawake wangemla mbichi.

Sasa Jumamosi gari likasimama mlangoni. Hosteli siku hizi ni ghala la mahindi, mimi nimebaki na kachumba kangu ka jikoni. Akashuka mzee mwenye kitambi, nyuma yake bibi kizee mkavu na fimbo yake.

"Shikamoo Dada Leti. Ni mimi, Pankrasi. Nimemleta mama aone nilikosoma."

Mama! Yule marehemu wangu!

Pankrasi akanivuta pembeni. "Dada, nakupigia magoti. Mama hajui kitu. Ana presha, na anakaribia tisini. Akisikia mlimwekea msiba, atakufa kweli, na muuaji nitakuwa mimi."

"Wewe siku hizi unafanya nini?"

"Nimestaafu ukuu wa shule."

"Na wanafunzi wako, walikuwa wanafiwa siku za mtihani?"



Nikamgeukia bibi. "Shikamoo mama. Tulikulilia sana hapa."

Pankrasi akamtafsiria kwa Kinyasa: "Anasema alikuombea sana."

Masikini. Hakujua kwamba mama yangu mzazi ni wa Mbamba Bay, huku kwetu kando ya ziwa lilelile. Kinyasa nakisikia mpaka matusi yake.

"Mwambie uji wa msiba wake ulikuwa mtamu."

"Anasema karibu uji."

Jasho linamtoka kama mbeba zege.

Bibi akanikazia macho, akaniuliza kwa Kinyasa. "Wewe ndiye Leticia, mpishi?"

Akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi ndani ya nailoni. Barua. Mwandiko wangu wa darasa la saba, herufi kama kuku waliotawanyika: Baba Pankrasi, pole kwa kufiwa na mke.

Jamani! Niliipeleka mwenyewe posta siku ya pili ya msiba, nikaisahau kabisa.

"Padri wa kijijini kwetu alitusomea nikiwa nimekaa palepale namenya mihogo," bibi akasema. "Mume wangu akaniuliza, kwani umekufa lini?"

Pankrasi akaketi juu ya gunia. "Mama, ulijua miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Umeoa, umekuwa mkuu wa shule, umekuwa babu, kimya! Nikaona nitakufa kweli bila kuwaona walionililia."

Akanigeukia. "Alisema nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Nikamjibu kwa Kinyasa chake. "Kuhara, mama."

Fimbo ikapigwa chini. "Kuhara! Hata kifo cha heshima ulikosa kunichagulia!"

Hapo ndipo Pankrasi alipolia. Safari hii machozi ya kweli.

Bibi akaamua msiba ufungwe siku hiyohiyo. Katika waliolia tumebaki watatu: mimi, Zuhra wa Majengo na Notburga wa jicho moja; nikatuma waitwe. Pankrasi akatupikia ugali kwa mkono wake, madonge matupu. Marehemu akakaa katikati yetu, akala kuliko wafiwa wote. Aliposhiba akamwita mwanawe, akamtia tonge mdomoni.

Ninyi mnaoua wazazi ili mpate ruhusa kazini, nawaambia: mwombeni radhi marehemu mapema, angali na meno.