Chungu cha Mvumbasi

Juzi, sokoni Cheyo, mwanamke mmoja alikuwa akiuza mvumbasi kwa mafungu. Harufu kali ya majani hayo ilinirudisha shambani kwetu Puge.

Alasiri moja ya utotoni, mdogo wangu Masanja alikuwa na homa, na mama alikuwa amekwenda zahanati kutafuta vidonge. Bibi, mzaa baba, alichuma mvumbasi pembeni mwa karanga, akauchemsha, akamfunika Masanja kwa blanketi pamoja na chungu kinachofuka mvuke. Leo najua alikuwa anamfukiza. Siku ile, niliposikia kilio mle ndani, niliamini anampika.

Mama alifika, akalivuta blanketi, akakipiga chungu teke.

“Mtoto hapumui, mama!” alimfokea bibi.

“Umemwaga dawa iliyomkuza mumeo,” bibi alisema, akatema mate chini. “Hapa si kwenu.”

“Na mtoto si wako.”

Masanja alipona. Mama alisema ni vidonge, bibi akasema ni mvuke uliowahi kumwingia. Tangu hapo kila mmoja alipika jikoni kwake, na nilipotumwa chumvi kwa bibi, aliniuliza kwanza, “Ni ya kwako, au ya yule?”