Pazia la Kitanda cha Chini

Katika chumba cha wanawake sita pale Karama, ughaibuni, mtu hana mlango. Ana pazia. Anayelala chini hulifunga kwenye vyuma vya kitanda cha juu, na sheria inajulikana bila kuandikwa: pazia likifungwa, mwenyewe hayupo. Hata ukimsikia anakohoa. Hata ukimsikia analia.

Everlyn, mlinzi wa usiku katika jengo la ofisi huko Jumeirah Lake Towers, alilala chini. Juu yake alilala Ummi wa Malindi, muuza manukato huko Mankhool. Duka la Ummi hufungwa saa saba mchana na kufunguliwa tena saa kumi, na kwa miaka mitatu saa hizo zilikuwa zao wawili. Walikula sahani moja, wakasukana nywele, wakapanga. Mpango ulikuwa mmoja tu: mikataba yao iishe mwezi wa Desemba, waende Malindi wafungue kituo cha kulelea watoto katika nyumba ambayo Ummi aliachiwa na shangazi yake.

Februari, Everlyn akaanza kozi ya malezi kwa mtandao. Hakumwambia Ummi. Alitaka siku ya safari amwekee cheti mapajani, autazame uso wake.

"Najisomea kidogo," alisema tu. Akanunua pazia zito la buluu, akawa analifunga saa zile zile za mchana, maana kati ya usingizi na basi la kazini hakuwa na nyingine.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Wanjiku, wa kitanda cha dirishani, alikuwa akitangaza, "Nyamazeni, profesa ameingia darasani!" na Ummi akicheka kuliko wote. Kisha kicheko kikaisha. Kutoka gizani mwake Everlyn alisikia kijiko kikigonga sahani, kijiko kimoja, na kwa harufu alijua ni mchuzi gani. Akajiambia ni miezi michache. Alikuwa akijenga na kubomoa kwa mikono ile ile, na aliyoitazama ni kazi ya mkono mmoja tu.

Jumanne moja ya Septemba alituma kazi ya mwisho, akafungua pazia. Ummi alikuwa sakafuni, akila.

"Shoga, kumbe upo? Nilidhani umehama."

"Nimemaliza, Ummi. Sasa tuhesabu siku za kwenda nyumbani."

Ummi akaweka kijiko chini. "Mimi nimesaini. Miaka miwili tena."

"Umesaini lini?"

"Wiki iliyopita. Arbab wa duka alitaka jibu. Siku tatu nimekaa hapa, Eve, nimeegemea kitanda chako. Nikasema ukifungua tu, nitakuuliza. Hukufungua."

"Si ungeniita!"

"Pazia lingekuwa langu, wewe ungeniita?"

Everlyn alijua jibu. Asingemwita. Akampa simu. Ummi akasoma jina la kozi polepole, akarudia. Wanjiku, ambaye hapitwi na neno chumbani, aligeukia ukutani.

"Watoto," alisema Ummi. "Na mimi nikadhani unasoma unikimbie. Hapa anayesoma hupata kazi nzuri, akahama, hata salamu hatoi."

"Mwambie arbab umebadili nia."

"Khalas, yamekwisha. Viza imeshatoka."

"Basi na mimi nasaini."

"Usinibebeshe miaka yako!" Ummi alisimama, akavaa baibui kwa hasira. "Nenda. Ufunguo wa nyumba nitakupa."

"Nikafungue na nani?"

Ummi alitoka. Duka halimsubiri mtu.

Jioni ile, kabla ya zamu, msimamizi wa walinzi alimkuta Everlyn mapokezi, akamwekea fomu mezani.

"Mkataba mpya. Yalla, haraka, natuma zote sasa hivi. Unabaki au unaondoka?"

"Dakika moja, sir. Kuna mtu lazima nimuulize."

"Una mume?"

"Hapana, sir."

Akapiga simu palepale, ingawa alijua dukani kwa Ummi simu zimekatazwa. Ililia mpaka akakata tamaa. Kisha sauti ikaja, ya chini, ya mtu aliyejificha nyuma ya kabati.

"Kuna nini?"

"Nimeletewa karatasi. Nisaini, au nitangulie Malindi nikusubiri?"

Upande wa pili wa simu mteja aliuliza bei. Ummi hakumjibu.

"Usikate," alisema. "Nafikiri. Usikate."

Msimamizi akachomoa kalamu, akaiweka juu ya fomu.